Bikoni Namba 91: Kutoka Tel Aviv hadi Taba

Haya niliyaandika kwenye daftari mwezi Machi 2023, nilipobaki nyuma baada ya kundi letu la mahujaji kurudi Nairobi. Kazi yangu Eldoret ni upimaji wa ardhi, na maisha yangu mengi nimeyamaliza nikisimama kati ya ndugu wanaogombania mpaka. Nilitaka kupita mahali ambapo Waisraeli na Wapalestina walijaribu kuandikiana mkataba, nione kilichobaki ardhini. Siku nimeziacha kama zilivyo. Yaliyotokea baadaye nimeyaandika mwishoni.

Ijumaa, 10 Machi. Tel Aviv

Kabla Sabato haijaingia nimekwenda Uwanja wa Rabin. Kando ya jengo la manispaa, upande wa Mtaa wa Ibn Gabirol, kuna mawe meusi yaliyozamishwa ardhini, na kwenye lami vimewekwa vibao vidogo vya shaba vinavyoonyesha nani alikuwa wapi usiku wa 4 Novemba 1995: waziri mkuu, walinzi wake, muuaji. Nimesimama kwenye kibao cha muuaji nikatazama cha Yitzhak Rabin. Ungeweza kunyoosha mkono ukamgusa.

Muuaji hakuwa Mpalestina. Alikuwa mwanafunzi Myahudi aliyetaka kuyazima makubaliano ya Oslo, mapatano ya amani kati ya Israel na Wapalestina. Miezi michache baadaye, Februari na Machi 1996, Hamas na Islamic Jihad, makundi ya Kipalestina yenye silaha, wakalipua mabasi na mitaa ya Jerusalem na Tel Aviv, na mwezi Mei Benjamin Netanyahu akashinda uchaguzi kwa chini ya kura 30,000. Watu wa pande mbili wasioweza kukaa chumba kimoja walifanya kazi moja, na waliweza kwa sababu makubaliano yenyewe yaliwaachia nafasi. Oslo ilitiwa saini 13 Septemba 1993, lakini Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi, usalama na mipaka vyote vilisogezwa mbele, vimalizwe ndani ya miaka mitano. Waliosaini walikuwa na karatasi. Waliopinga walikuwa na miaka mitano ya kuichana.

Jana usiku mtu mwenye silaha amepiga watu risasi Mtaa wa Dizengoff, si mbali na hapa. Leo mikahawa ya mtaa huo imejaa kama kawaida.

Jumamosi, 11 Machi. Tel Aviv

Maandamano Mtaa wa Kaplan, dhidi ya mpango wa serikali wa kupunguza nguvu za Mahakama ya Juu. Sijawahi kuona umati wa namna hii. Bendera za Israel kila upande, watoto mabegani, ngoma, na neno moja linarudiwa: demokrasia. Pembeni kuna kikundi kidogo chenye mabango dhidi ya ukaliaji na bendera chache za Palestina, na watu wengi wanakipita bila kukitazama.

Nimeongea na muuguzi mstaafu aliyekuja na mumewe. Nilimwuliza kwa nini jambo la Wapalestina halimo kwenye hotuba za jukwaani. Hakukasirika. Alisema, "Tulitoka Gaza 2005. Tuliwatoa walowezi wetu wenyewe kwa nguvu. Mwaka 2007 Hamas wakaichukua kwa bunduki, na roketi zikatufuata. Ukiniambia tutoke pia kwenye vilima vya Ukingo wa Magharibi vilivyo juu ya uwanja wa ndege, unaniomba nini hasa?"

Swali lake ni la haki, na mtu anayetaka amani bila kulijibu anajidanganya. Lakini Ariel Sharon, waziri mkuu wa wakati huo, hakuitoa Gaza kwa mkataba. Aliondoka peke yake, bila kukabidhiana na Mahmoud Abbas aliyekuwa amechaguliwa rais wa Mamlaka ya Palestina Januari mwaka huohuo. Hamas wakawaambia watu kwamba ni bunduki iliyomfukuza Myahudi, si mazungumzo, na waliokuwa wakiamini mazungumzo hawakuwa na cha kuonyesha. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huenda. Lakini roketi zilikuwa za kweli."

Jumapili, 12 Machi. Jerusalem

Kwenye Mlima Herzl, mtembeza wageni aliniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Eldoret hakuonyesha kitu. Nilipotaja Uasin Gishu akasimama palepale. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, ilimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi katika Afrika Mashariki ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapate pa kukimbilia. Historia imeuita mpango wa Uganda, ila ardhi yenyewe ni uwanda wetu wa Uasin Gishu. Tume ilitumwa ikautembea mapema mwaka 1905, na mkutano wa Wazayuni huko Basel ukaukataa mwaka huohuo. Waliokuwa wakilisha ng'ombe wao pale, Wanandi na Wamaasai, hakuna aliyewauliza.

Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa nikitembea Mji Mkongwe. London ilikuwa ikigawa ardhi ya watu kwa watu wengine walioteseka kweli. Mateso ya wale yalikuwa ya kweli, na haki ya hawa ilikuwa ya kweli. Mwaka 1917, kwa Tamko la Balfour, ikafanya hivyo tena, safari hii kwa Palestina.

Kuhusu Jerusalem yenyewe, jibu liliandikwa zamani. Desemba 2000 Bill Clinton aliwasomea wajumbe wa pande zote mbili vigezo vyake: mitaa ya Waarabu iwe Palestina, ya Wayahudi iwe Israel. Ukitembea kutoka Lango la Damasko hadi Ukuta wa Magharibi unaona jinsi mstari huo ungekuwa mgumu kuuchora, nyumba kwa nyumba. Mgumu, lakini nimeona migumu zaidi.

Jumatatu, 13 Machi. Ramallah

Basi kutoka karibu na Lango la Damasko linapita kizuizi cha Qalandia bila mtu kuulizwa kitu. Ukaguzi ni wakati wa kurudi.

Nimempata mpimaji mwenzangu, kijana wa miaka 34, na kwa heshima ya pale kila mtu anamwita "mhandisi". Akafungua kompyuta akanionyesha ramani anayofanyia kazi kila siku. Eneo A, chini ya Mamlaka ya Palestina, ni asilimia 18 hivi ya Ukingo wa Magharibi. Eneo B, ambalo usalama wake uko mikononi mwa Israel, ni kama asilimia 22. Eneo C, asilimia 60 hivi, liko chini ya Israel kabisa. A na B zimekatikakatika vipande zaidi ya 160. Mteja akija kutaka kujenga, kwanza anatazama ukuta wa sebule utaangukia herufi gani. Alivuta picha karibu, akanionyesha shamba moja la mizeituni: mstari unapita katikati, miti ya upande mmoja B, ya upande wa pili C. Kisima kiko C.

"Ramani hii," akaniambia, "haikukusudiwa kudumu." Ni kweli. Makubaliano ya Septemba 1995 yalisema maeneo yangekabidhiwa Wapalestina kwa awamu, ndani ya miezi 18 tangu baraza lao kuapishwa. Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Leo ana watoto wake, na herufi ni zilezile.

Mwaka 1993 walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Sasa wanakaribia nusu milioni. Huku kwetu mtu yeyote aliyewahi kuwa na kesi ya shamba anajua hila hii: ndugu mmoja anaomba kesi iahirishwe, na kila inapoahirishwa anaongeza chumba. Siku ya hukumu ikifika, hakimu anahukumu nyumba, si shamba.

Nikamwuliza amepiga kura mara ngapi. Hajawahi. Uchaguzi wa mwisho wa bunge ulifanyika Januari 2006 akiwa na miaka 17. Mwingine ulipangwa Mei 2021, Abbas akauahirisha akisema Israel haijaruhusu kura Jerusalem Mashariki. "Hilo ni kweli," akasema, "na ni kweli pia kwamba Fatah, chama chake, walikuwa wamegawanyika na waliogopa kushindwa. Ukileta mkataba kesho, nani atausaini kwa niaba yangu?" Sikuwa na jibu. Utafiti wa pamoja uliotolewa Januari mwaka huu, wa wataalamu wa pande zote mbili, unaonyesha suluhisho la dola mbili limebaki na theluthi moja hivi ya Wapalestina, na theluthi moja hivi ya Wayahudi wa Israel. Kila upande unaamini kwamba upande wa pili ndio hautaki.

Jioni tukirudi, Qalandia, vijana wakashuka kupita kwenye mageti ya chuma. Askari msichana akapanda basi kukagua waliobaki. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alinyanyua kitambulisho chake kabla ya kuombwa, akakishika hivyo hewani hadi askari akashuka.

Jumanne, 14 Machi. Hebron

Hapa kuna mkataba unaofanya kazi kama ulivyoandikwa, na ndiyo maana inafaa kuutazama. Itifaki ya Januari 1997 iliugawa mji: H1, kama asilimia 80, kwa Mamlaka ya Palestina, H2, asilimia 20, kwa jeshi la Israel, kwa sababu walowezi mia kadhaa wanaishi ndani yake. Mtaa wa Shuhada uliokuwa kitovu cha biashara una milango iliyochomelewa. Kwenye soko la mji wa kale, juu ya vichwa vyetu kuna wavu wa chuma. Nimehesabu kwa macho: chupa, tofali nusu, kiatu cha mtoto, mfuko wa nepi. Wenye maduka wanasema vinatupwa kutoka nyumba za walowezi zilizo juu. Muuza vyungu mmoja ameongeza turubai lake chini ya wavu, kwa sababu wavu hauzuii maji machafu.

Kwenye Kaburi la Mababu, alikozikwa Ibrahimu, imani mbili zinaingia kwa milango tofauti. Februari 1994 mlowezi aliwaua humo waumini 29 wakiwa kwenye sala. Baada yake ndipo waangalizi wa kimataifa walipoletwa Hebron. Walikaa miaka zaidi ya 20 wakiandika ripoti ambazo hazikutangazwa, na mwaka 2019 Israel ikakataa kuwaongezea muda. Mwangalizi asiyeweza kusema hadharani alichokiona hana tofauti kubwa na mpita njia.

Jumatano, 15 Machi. Beit Jala

Mkutano mfupi wa Jukwaa la Familia, chama cha Waisraeli na Wapalestina waliofiwa katika mgogoro huu. Baba wa Kiisraeli na mama wa Kipalestina, kila mmoja amezika mtoto. Hawakubaliani kuhusu historia, na walituonyesha wazi kwamba hawakubaliani. Nilitoka Eldoret iliyoungua kwa ghasia za uchaguzi Januari 2008. Najua watu wa namna hii wana thamani gani, na najua pia kwamba peke yao hawawezi.

Alhamisi, 16 Machi. Yeriko

Foleni ndefu kwenye kizuizi cha kuingilia. Mwezi uliopita jeshi la Israel lilivamia kambi ya wakimbizi ya Aqabat Jabr na kuua wapiganaji watano, na tangu hapo mji unafungwa na kufunguliwa.

Yeriko ndiko utawala wa Wapalestina ulikoanzia, pamoja na Gaza, kwa mkataba wa Cairo wa 4 Mei 1994. Mkataba huo ulikuwa na tarehe: miaka mitano, yaani 4 Mei 1999, kila kitu kiwe kimekwisha. Tarehe ikapita kama siku nyingine yoyote. Hakuna aliyelipa kwa kuipuuza.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya kambi, limesimama jengo la kasino. Lilifunguliwa mwaka 1998, na Waisraeli, ambao kwao kasino ni marufuku, walifurika humo usiku kucha. Oktoba 2000, Intifada ya pili, maasi ya Wapalestina, ilipoanza, likafungwa na halijafunguliwa tena. Mzee mmoja wa kambini aliyefanya kazi humo kama mhudumu alinisimulia namna wateja walivyomzoea kwa jina. Wazazi wake walikimbia kijiji chao mwaka 1948. Yeye alizaliwa kambini. Nikamwuliza kuhusu kurudi. "Nataka waseme kwamba tulifukuzwa," akasema. "Baada ya hapo tuzungumze nani anaishi wapi." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu wengi wanaozungumzia wakimbizi hudhani swali lote ni idadi ya watakaorudi. Vigezo vya Clinton vilitaja njia kadhaa, ikiwemo kuhamia dola mpya ya Palestina na kulipwa fidia. Kukiri kosa hakuhitaji hata ekari moja.

Ijumaa, 17 Machi. Barabara ya kusini

Basi la kwenda Eilat, kabla ya usafiri kusimama kwa Sabato. Bahari ya Chumvi, kisha mitende kilomita na kilomita. Kwenye kituo kimoja walipanda vijana wa Kenya wanaosomea kilimo cha umwagiliaji. Tuliongea Kiswahili hadi nikasahau niko wapi. Wanasema siasa hawaigusi.

Jumapili, 19 Machi. Taba

Nimevuka mpaka kwa miguu na viza ya Misri niliyochukua Nairobi. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Israel iliondoka Sinai 25 Aprili 1982, isipokuwa kipande hiki cha ufukwe, chenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba na hoteli mpya ndani yake. Ugomvi ulikuwa juu ya mabikoni 14, yaani alama za mpaka uliopimwa mwaka 1906, kati ya Waturuki na Misri iliyokuwa chini ya Waingereza. La mwisho, namba 91, ndilo lililoamua hoteli ni ya nani. Misri ilisema liko juu ya mwamba huu unaotazama ghuba. Israel ikataja sehemu nyingine. Walibishana miaka minne. Lakini mkataba wao wa amani wa 1979, kifungu cha 7, ulisema tofauti isiyomalizwa kwa mazungumzo iende kwenye upatanishi au kwa waamuzi. Mwaka 1986 wakakubali jopo la watu watano: Mwisraeli mmoja, Mmisri mmoja, na watatu wa nje. Wakaleta ramani na picha za zamani. Tarehe 29 Septemba 1988, kwa kura nne dhidi ya moja, Misri ikashinda bikoni namba 91. Tarehe 15 Machi 1989 Israel ikaondoka. Misri ikainunua hoteli. Hakuna aliyepigwa risasi.

Oslo nayo ina kifungu cha waamuzi, cha 15. Tofauti ni kwamba kinasema jopo litaundwa pande zote mbili zikikubali. Anayefaidika na kuchelewa hatakubali kamwe, na kweli halijawahi kukaa hata siku moja.

Ajabu ni kwamba ramani ya A, B na C ilikamilishwa hapahapa Taba, Septemba 1995. Na ni hapahapa, kuanzia 21 hadi 27 Januari 2001, walipokaribia kuliko wakati wowote. Tamko lao la pamoja lilisema hawajawahi kuwa karibu hivyo na makubaliano. Israel ilitaka kubaki na asilimia 6 ya Ukingo wa Magharibi, Wapalestina walikuwa tayari kubadilishana asilimia 3.1. Kwa mpimaji, pengo la asilimia tatu ni kazi ya kawaida. Lakini Israel ilikuwa na uchaguzi 6 Februari, waziri mkuu Ehud Barak akashindwa, na faili likafungwa. Mwaka 2008 waziri mkuu Ehud Olmert alimwonyesha Abbas ramani nyingine iliyokaribia zaidi, ila hakumpa nakala mpaka asaini. Abbas akarudi akaichora kwa mkono kwenye karatasi. Mpaka wa nchi, kwa kumbukumbu ya kichwa! Olmert alikuwa anaondoka madarakani kwa kesi za rushwa. Nalaumu wote wawili: mmoja kwa kuficha nakala, mwingine kwa kutorudi na jibu.

Leo, Sharm el-Sheikh, chini ya pwani hii, maofisa wa Israel, Palestina, Misri, Jordan na Marekani wamekutana. Wamerudia waliyoyasema Aqaba ya Jordan, ambayo taa zake naziona ng'ambo ya maji: Israel haitajadili nyumba mpya za walowezi kwa miezi minne. Siku ya mkutano wa Aqaba, 26 Februari, ndugu wawili wa Kiisraeli waliuawa Huwara, mji wa Kipalestina Ukingo wa Magharibi, na usiku walowezi wakachoma nyumba na magari mjini humo. Leo, mkutano ukiendelea, Mwisraeli mwingine amepigwa risasi Huwara. Na waziri wa fedha Bezalel Smotrich yuko Paris akisema hakuna watu wanaoitwa Wapalestina.

Nyongeza, Novemba 2025

Miezi saba baadaye ikawa 7 Oktoba. Hamas na wenzake waliua watu kama 1,200 na kuteka 251. Waliouawa walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kusomea kilimo, sawa na wale niliosafiri nao. Mwili wa mmoja wao umerudishwa mwezi huu tu. Vita vya Israel Gaza vimeua zaidi ya watu 69,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko. Sina maneno ya kuyapima mambo hayo mawili na sitajaribu.

Mapigano yalisitishwa 10 Oktoba 2025. Zipo dalili ambazo hazikuwepo nilipokuwa Taba. Septemba, nchi 142 zilipigia kura Azimio la New York la dola mbili kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na Uingereza, Kanada, Australia na Ufaransa zikaitambua Palestina. Abbas ameahidi uchaguzi ndani ya mwaka mmoja tangu vita kusimama. Israel lazima ipige kura kabla ya mwisho wa Oktoba 2026. Upande mwingine, Agosti serikali ya Israel iliidhinisha ujenzi wa makazi ya walowezi eneo la E1, mashariki mwa Jerusalem, unaokata njia kati ya Ramallah na Bethlehemu. Mhandisi wangu wa Ramallah alinitumia ramani yake bila kuongeza neno.

Tarehe 17 Novemba Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2803, linalounga mkono mpango wa Donald Trump. Nimelisoma nikitafuta kitu kimoja. Kibali cha Bodi ya Amani, ya kuisimamia Gaza, na cha kikosi cha kimataifa kina tarehe ya mwisho, 31 Desemba 2027. Dola ya Palestina haina. Imeandikwa kwamba Mamlaka ikishafanya mageuzi na ujenzi wa Gaza ukisonga mbele, huenda masharti ya njia ya kuelekea huko yakawa tayari. Nani ataamua kwamba mageuzi yametosha? Halikusema.

Mkataba wa Sudan uliojadiliwa Naivasha na kusainiwa Nairobi Januari 2005 uliweka kura ya maoni ya Sudan Kusini baada ya miaka sita, na Januari 2011 kura ikapigwa, ingawa wengi waliapa haitapigwa. Abyei, eneo la mpakani ambalo kura yake iliahirishwa, inamwaga damu hadi leo.

Kwa hiyo yeyote atakayeshika kalamu safari ijayo, asianze na ramani. Ramani zipo, kuanzia ya Taba hadi ya Olmert. Aanze kwa kuandika siku ya kukabidhiana, majina ya waamuzi watano, na kifungu kinachosema upande mmoja ukikataa kuja, jopo litakaa bila yeye. Na ujenzi usimame kuanzia siku wino unapokauka.